Aikido ya Kujihami: Mwongozo Kamili wa Kuanza, Kuanzia Kuanguka hadi Kutoka Kwenye Roba

Kila mwezi napata mtu mwenye swali lile lile. Amejifunza kotegaeshi, ile mbinu ya aikido (sanaa ya kujihami ya Kijapani) ya kukunja kiganja cha mtu mpaka aanguke, kutoka kwenye video. Amefanya mazoezi wiki mbili na rafiki yake na imekubali. Siku moja shemeji yake, fundi ujenzi, akamwambia, "Hebu nikunje tuone." Akashika, akakunja. Shemeji akabaki amesimama vilevile, na mkono wake wa pili ulikuwa umeshamkamata kola. Sasa anauliza: aikido ni uongo, au mimi ndiye sijui?

Namjibu kwamba ameanzia mwisho. Karibu kila anayekwama hukwama hivyo hivyo: anakimbilia mikono na kuacha miguu, halafu anafanya mazoezi na mtu aliyekubali kuanguka. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine. Ukiufuata miezi 6, siku 3 kwa wiki, saa moja kila siku, utaweza kuanguka bila kuvunjika, utajua pa kusimama, na utaweza kuponyoka mkononi mwa mtu aliyekuzidi nguvu. Kwa raia wa kawaida anayetaka kufika nyumbani salama, hayo ndiyo mahitaji makubwa.

## Vitu vya kuandaa

Mahali. Nafasi ya mita 3 kwa 3 bila kona za meza wala vioo. Mikeka ya judo yenye unene wa sentimita 4 hivi ndiyo bora. Kama hakuna, tandika magodoro magumu ya sponji juu ya nyasi na uyafunge yasiachane. Mchanga mkavu wa ufukweni nao unafaa. Ule uliolowa na kushindiliwa na maji ni mgumu kama sakafu, usiangukie hapo. Mkeka mwembamba wa yoga hautoshi.

Mwenza. Mmoja anatosha kuanza, lakini kuanzia mwezi wa tatu utahitaji wawili au zaidi, mmoja wao akiwa mzito kuliko wewe.

Nguo. Suruali ndefu na shati gumu la mikono mirefu, maana viwiko huchubuka. Vazi rasmi la mazoezi linaweza kusubiri. Kata kucha. Vua pete, saa, heleni na mkufu, hata kama ni mazoezi mepesi.

Vifaa vidogo. Chaki, leso moja, kisu cha mpira, kalamu ya wino mnene ya kuandikia kwenye ubao mweupe, fulana mbili nyeupe kuukuu, na simu ya kujirekodi.

Ishara ya kusimamisha. Kupiga mkono mara mbili, juu ya mkeka au kwenye mwili wa mwenzako, au kusema "Basi!" Anayesikia anaachia papo hapo, bila kuuliza. Mtu asiyeachia mara moja usifanye naye mazoezi tena.

Mwalimu. Mwongozo hauwezi kukuona unavyoinua kidevu. Ukipata dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, nenda kwanza ukaangalie darasa zima bila kulipa. Tazama kama wageni wanafundishwa kuanguka kabla ya kurushwa, kama mikeka ni safi, kama mwalimu anawagusa wanafunzi, hasa wasichana, kwa heshima na kwa sababu. Kisha muulize: mwanafunzi akishindwa kunirusha, naruhusiwa kubaki nimesimama? Jibu lake litakueleza mengi.

Mjini kwako hakuna aikido? Ingia klabu ya judo. Zanzibar, kwa mfano, mchezo huo umeshika mizizi miaka mingi. Judo itakufundisha kuanguka, na itakupa wenza wanaokataa kuanguka. Mengine utayajazia juu yake.

Nani asubiri. Mwenye matatizo ya shingo au uti wa mgongo, mjamzito, mwenye mifupa dhaifu, mwenye presha isiyodhibitiwa, na aliyefanyiwa upasuaji karibuni waonane na daktari kwanza. Na mtu yeyote akigonga kichwa kisha akapata kichefuchefu, kizunguzungu au usingizi usio wa kawaida, mazoezi yameisha siku hiyo. Mpelekeni hospitali.

## Hatua ya 1: Kuanguka (wiki 1 hadi 4)

Watu huiruka hatua hii kwa sababu haifanani na kupigana. Mimi ningeacha mbinu zote nibaki na hii. Katika ugomvi wa ngumi moja, kinachoua mara nyingi ni lami au ukingo wa barabara unaokutana na kisogo. Ngumi imemwangusha tu. Na kuna jambo jingine: huenda usishambuliwe maisha yako yote, ila kuanguka utaanguka. Mimi kumenisaidia bafuni, kwenye ngazi zilizolowa, na siku bodaboda niliyopanda ilipoteleza kwenye matope.

Kuanguka kinyumenyume (ushiro ukemi)

Kaa chini, magoti yakiwa yamekunjwa. Kunja leso na uibane kati ya kidevu na kifua. Leso hiyo ndiyo mwalimu wako wa wiki ya kwanza: ikidondoka, kidevu kimeinuka, na kidevu kikiinuka kisogo kinatangulia chini.

Uviringe mgongo uwe kama upinde wa kiti cha kubembea. Rudi nyuma taratibu: makalio, kiuno, mgongo wa juu. Ishia mabegani. Kichwa kisiguse kabisa. Mgongo unapotua, piga mkeka kwa mikono yote miwili, kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko, ikiwa imetengana na mwili kama nyuzi 45. Pigo hilo linasambaza kishindo ili kisiingie chote mgongoni.

Fanya mara 20 ukiwa umekaa, siku kadhaa, kabla ya kuanza kuchuchumaa. Ukiwa umechuchumaa bila hofu, simama: peleka mguu mmoja nyuma, kunja goti, na ukae karibu kabisa na kisigino chako. Unajishusha, hujitupi.

*Onyo kubwa:* usitangulize mkono nyuma kujizuia. Ndiyo hamu ya kwanza ya mwili, na ndiyo inayovunja kifundo cha mkono au kutegua kiwiko. Kama huwezi kuizuia, shika kola yako kwa mikono yote miwili siku za mwanzo na uanguke hivyo, bila kupiga mkeka.

Kubingirika mbele (mae ukemi)

Hii si sarakasi ya watoto inayopita utosini. Piga goti moja. Goti la kushoto likiwa chini, mguu wa kulia uko mbele. Weka ukingo wa kiganja cha kulia, upande wa kidole kidogo, juu ya mkeka, vidole vikielekea ndani kwako. Mkono uwe umepinda kama tairi. Geuza uso kushoto, utazame mguu wa nyuma, kana kwamba unatega sikio kwenye bega la kushoto.

Sukuma kwa mguu wa nyuma. Mwili upite katika mstari mmoja wa mshazari: ukingo wa kiganja, mkono, bega la kulia, mgongo, nyonga ya kushoto. Shingo haimo kwenye mstari huo, wala utosi. Ukimaliza, inuka kwa mwendo ule ule uliokuja nao.

Kama bega linauma kwenye ncha ya mfupa, mkono wako umelegea na kuporomoka njiani. Kama nyonga inagonga, umebingirika moja kwa moja badala ya mshazari. Jirekodi kwa simu kutoka nyuma, utaona mwenyewe.

Utajuaje umefaulu? Sikiliza. Anayeanguka vibaya hutoa sauti ya gunia la mahindi: *pu!* Anayeanguka vizuri hutoa pigo la mkono peke yake, na anayebingirika vizuri hasikiki. Ukiweza mara 30 mfululizo, pande zote mbili, na kesho yake mwili haulalamiki, songa mbele.

## Hatua ya 2: Kusimama na umbali (wiki 3 hadi 6)

Msimamo wa aikido unaitwa hanmi. Mguu mmoja mbele, wa nyuma umefunguka nje, magoti hayajakazwa, uzito umegawanyika sawa. Mwenzako akikusukuma begani, usonge kama kipande kimoja bila kuyumba kiuno. Hayo yanatosha kuhusu kusimama.

Umbali, au maai, unataka muda zaidi. Umbali salama ni ule ambao mtu hawezi kukugusa bila kupiga hatua. Hatua hiyo ndiyo taarifa yako. Akiwa karibu zaidi ya hapo, mkono wake utafika kabla jicho lako halijaelewa, hata uwe na mkanda mweusi.

Zoezi: mwenzako ajaribu kukugusa bega, wewe urudi, usogee kando, uzunguke, dakika mbili mbili. Hakuna kushikana. Mbadilishane. Halafu mfanye mkizungumza, yeye akiuliza saa, akiomba mia tano, akikuonyesha kitu kwenye simu. Vibaka huziba umbali kwa maneno, na hapo ndipo watu wapole huumia, kwa sababu wanaona aibu kurudi nyuma.

Mikono nayo ina kazi. Iinue hadi kifuani, viganja wazi vikimwelekea, na useme kwa sauti ya kawaida, "Kaka, samahani, yaishe. Sitaki ugomvi." Mashahidi wanaona mtu anayeomba amani, na wakati huohuo mikono yako imeshafika inapotakiwa kuwa.

Mafanikio: katika majaribio 10, anakugusa bega mara 2 au pungufu, na hujagonga ukuta wala kitu nyuma yako.

## Hatua ya 3: Miguu miwili inayobeba kila kitu (wiki 5 hadi 9)

Chora mstari wa chaki sakafuni. Huo ndio mstari wa shambulio: mtu anayekuja ana nguvu zote juu ya mstari huo, mbele ya kifua chake. Kazi yako ni kutokuwepo hapo.

Irimi ni kuingia. Anapokuja, unapiga hatua mbele kwa mshazari, unapita nje ya mkono wake, unaishia ubavuni au nyuma kidogo ya bega lake.

Tenkan ni kugeuka. Mguu wa mbele unakuwa mhimili, wa nyuma unazunguka nusu duara, na unaishia kando yake, mkitazama upande mmoja kama abiria wawili wa kiti kimoja cha daladala.

Kwa nini pale? Kwa sababu ubavuni mkono wake wa pili haufiki bila yeye kugeuza mwili mzima, na akigeuka uzito wake unahama. Mtu ambaye uzito wake unahama ndiye anayeangushika. Shemeji yule fundi hakuanguka kwa sababu alikunjwa mkono akiwa amesimama imara, ana kwa ana.

Fanya mara 50 kila upande, kila siku ya mazoezi. Peke yako kwanza, kisha na mwenza anayetembea kukujia huku amenyoosha mkono. Wengi hukosea kwa kutazama miguu yao. Tazama kifua cha mtu, kwa jicho pana, bila kukodolea mkono.

Mafanikio: mwambie mwenzako asimame ghafla mara utakapofika ubavuni mwake na ajaribu kukupiga kofi jepesi kwa mkono wa mbali. Asikufikie.

## Hatua ya 4: Kunasua mkono ulioshikwa (wiki 7 hadi 12)

Mtu amekukamata kifundo cha mkono. Ukivuta kurudi nyuma, misuli ya mkono wako mmoja inashindana na mwili wake mzima. Utashindwa, au utamvuta aje juu yako.

Tazama ngumi yake. Vidole vinne vinatoka upande mmoja, kidole gumba kinatoka mwingine, na kati ya ncha zao kuna mwanya. Mwanya huo ndio mlango.

1. Fungua kiganja chako, vidole vinyooke. Mkono ukikunjwa ngumi misuli inakakamaa.
2. Zungusha kifundo hadi upande wake mwembamba, ule wa kidole gumba, uelekee mwanya.
3. Fanya tenkan, na hapohapo peleka kiwiko chako *kumwelekea yeye*. Wengi hawaamini sehemu hii. Kiwiko kikienda kwake, kifundo kinachomoka kupitia mwanya chenyewe, na kinachokitoa ni nyonga yako inayogeuka.
4. Ondoka. Usibaki kushangilia.

Kama ameshika mkono mmoja kwa mikono yake miwili, shika ngumi yako kwa mkono wako mwingine, shusha nyonga, kisha geuka kwa mwili wote.

Fanya mkono wa kulia na wa kushoto, mshiko wa upande mmoja na ule wa kukingama. Kisha ulowanishe kifundo kwa maji. Dar es Salaam na Mombasa hakuna mshiko mkavu, na jasho linamsaidia anayetoroka. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Mafanikio: mtu mzito kuliko wewe anashika kwa nguvu zake zote, unatoka kabla hajamaliza kutamka jina lako, mara 8 kati ya 10.

## Hatua ya 5: Pigo la kuvuruga, na ikkyo peke yake (wiki 10 hadi 16)

Kuna wanaosema aikido haina mapigo. Inayo, yanaitwa atemi, na wanafunzi wa zamani wa Morihei Ueshiba, mwanzilishi wa aikido, kama Gozo Shioda aliyeanzisha tawi la Yoshinkan, waliyatilia mkazo sana. Kiganja kinachoruka kuelekea usoni humfanya mtu arudishe kichwa nyuma. Kichwa kikirudi nyuma, visigino vinabeba uzito na mshiko unalegea. Mazoezini simamisha kiganja sentimita 10 mbele ya uso.

Baada ya hapo jifunze mbinu moja ya kudhibiti, ikkyo. Nakusihi iwe moja tu kwa miezi hii.

Amekushika mkono wa kulia kwa mkono wake wa kulia, au anauleta kukupiga kutoka juu. Atemi kwa mkono wa kushoto. Mkono huohuo wa kushoto ushuke kwenye kiwiko chake kutoka chini, wa kulia ukamate kifundo chake. Sukuma kiwiko kwa duara kuelekea sikio lake, kisha kikate kwenda chini mbele yako, huku ukipiga hatua ya kuingia kwa mguu ulio karibu naye. Bega lake linashuka, kiuno kinapinda, uso unatazama chini.

Kwa nini ikkyo na siyo kotegaeshi? Kwanza jasho: kifundo kinateleza, kiwiko hakitelezi kwa urahisi. Pili, kiwiko kiko karibu na bega, na bega ndilo limeshika kiwiliwili. Ukikosea kidogo kwenye kiwiko bado umemsogeza mtu. Ukikosea kidogo kwenye kifundo umemkasirisha. Na kifundo kikikunjwa kwa pupa mazoezini kano zinachanika, mwenza wako anakaa nje miezi.

Dojoni utafundishwa kumalizia kwa kumbana chini. Jifunze, ni nzuri. Barabarani msukume aende mbele, wewe uende nyuma. Ukipiga magoti kumbana mmoja, rafiki yake anakukuta huna miguu.

Mafanikio: kisigino chake cha mbali kinanyanyuka *kabla* hujaanza kumshusha. Kama hakinyanyuki, unatumia mabega. Rudi Hatua ya 3.

## Hatua ya 6: Roba kutoka nyuma (wiki 14 hadi 20)

Huku kwetu inaitwa roba, au kabali. Nairobi wanaiita ngeta. Mkono unapita shingoni kutoka nyuma, na mara nyingi mkabaji ana wenzake wanaoingia mifukoni. Mshipa wa shingo ukibanwa sawasawa, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo kila kitu hapa kina mpangilio wa haraka.

1. Kidevu. Kishushe na ukigeuzie kwenye kiwiko chake. Pale kwenye pindo la kiwiko ndipo penye nafasi ya pumzi.
2. Mikono. Yote miwili, mmoja kifundoni mwake na mwingine karibu na kiwiko, ining'inie na kuvuta chini kwa uzito wa mwili. Usimkwaruze uso kwanza. Pumzi kwanza.
3. Nyonga. Shuka, piga hatua ya kando, nyonga yako itoke mbele yake. Sasa kiganja chako kimoja kinaweza kumpiga sehemu za siri, au kisigino kikanyage unyayo wake.
4. Kutoka. Mshiko ukilegea, mguu wako wa karibu uende nyuma yake, geuka kumwelekea ubavuni, kichwa kipite chini ya kwapa lake huku bado umeshika kifundo. Unatokea nyuma yake. Msukume, kimbia.

*Onyo:* mazoezini mkono wa mkabaji unakaa juu ya kifua, chini kidogo ya shingo. Haukazwi kooni kamwe, hata "kidogo tu kwa uhalisia". Watoto wasifanye zoezi hili bila mwalimu.

Na kama wanachotaka ni simu, waachie simu. Nalisema hili kwa uzito wote.

Mafanikio: ukiwa umefumba macho, bila kujua atakukaba kwa mkono gani, kidevu chako kiwe kimeshuka na mikono imeshika kabla hajakaza.

## Hatua ya 7: Mwenza akatae (kuanzia wiki ya 12, bila kukoma)

Shule nyingi za aikido, pamoja na Aikikai, shirika la aikido lenye makao makuu Tokyo, hazina mashindano. Jambo hilo lina uzuri wake, ila lina gharama: unaweza kufanya mazoezi miaka mingi bila kukutana na mtu asiyetaka kuanguka. Kenji Tomiki, mwanafunzi wa Ueshiba aliyekuwa pia mwanafunzi wa Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, aliliona tatizo hilo na akaweka mashindano ambamo mmoja ana kisu laini cha mazoezi na anajaribu kweli kumchoma mwenzake. Si lazima ujiunge na tawi lake. Wazo lake lichukue.

Panda ngazi hizi kwa kila mbinu uliyokwisha jifunza:

- Ngazi ya 1: anashika wastani, anakubali.
- Ngazi ya 2: anashika kwa nguvu zote, hatembei.
- Ngazi ya 3: anashika, anavuta, anasukuma, anakuzungusha.
- Ngazi ya 4: anashika kwa mkono mmoja, kwa mwingine anakupiga makofi mepesi.
- Ngazi ya 5: hakuambii atafanya nini.

Fanya majaribio 10. Ukifaulu 7, panda. Ukifaulu chini ya 5, shuka ngazi moja bila kinyongo. Kati ya hapo baki ulipo.

Mbinu zako zitaharibika zikifika ngazi ya 3. Hazitapendeza kama kwenye video, na duara litakuwa fupi na la haraka. Usivunjike moyo, ndivyo zinavyokuwa zikikutana na mtu halisi. Angalia mambo mawili tu: uko nje ya mstari? Yeye amepoteza mizania? Yote mawili yakiwa ndiyo, mbinu imefanya kazi hata kama huijui jina lake.

Kuna sharti moja kwa anayekataa. Anakataa kama mtu asiyejua unachotaka kufanya. Akijikaza mahususi dhidi ya mbinu aliyokwisha ijua, huo ni ubishi wa wenza, haukujengi wewe wala yeye.

## Hatua ya 8: Kisu, na ukweli wa fulana nyeupe (wiki 18 na kuendelea)

Vaa fulana nyeupe. Mpe mwenzako ile kalamu ya wino iliyofunguliwa, vaeni miwani ya kulinda macho, na umwambie akuchome na kukukata kwa sekunde 10 kwa nia yake yote, akichomoa mkono kila anapokosa. Halafu hesabu alama.

Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili nilikuwa nimeshafanya mazoezi ya kunyang'anya kisu kwa miaka. Nilitoka na alama sita, mbili zikiwa tumboni. Nililala vibaya usiku ule, na tangu hapo sijamfundisha mtu kumfuata mwenye kisu.

Kwa hiyo ratiba ya kisu ni hii. Toa anachotaka: tupa pochi upande mmoja, kimbilia upande mwingine. Kama njia imezibwa, weka kitu katikati yenu: kiti, begi, meza, gari. Ukiwa huna pa kwenda kabisa, hapo ndipo irimi inapotumika: toka nje ya mstari, kamata mkono wenye kisu kwa mikono yako yote miwili, ubane kwenye mwili wake au ukutani, na usiuachie kwa ajili ya kitu chochote hadi umsukume uondoke.

Ukikatwa, kandamiza jeraha kwa kitambaa, kwa nguvu, bila kuachia, mpaka ufike hospitali.

Mafanikio: fulana ya wiki ya 24 ina alama chache kuliko ya wiki ya 18, na kila jaribio limeisha wewe ukiwa umekimbia.

## Hatua ya 9: Dakika 10 baada ya tukio

Ondoka kwanza, kuelekea penye taa na watu: duka, kituo cha mafuta, geti lenye mlinzi. Ita msaada kwa kutaja unachohitaji: "Nisaidieni, nimevamiwa!" Jizuie kupiga kelele za "mwizi". Unajua kinachofuata neno hilo katika mitaa yetu, na umati haumuulizi mtu jina. Anaweza kufa kijana kwa ajili ya simu, au kufa mtu ambaye hakuwepo kabisa.

Sheria inakuruhusu kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari. Hatari ikiisha, ruhusa nayo imeisha. Teke unalompiga mtu aliyekwisha anguka na kuachia linaweza kukufanya wewe ndiye mshtakiwa.

Piga 112 ukiwa Tanzania, 999 au 112 ukiwa Kenya. Jichunguze mwili mzima penye mwanga, maana mtu aliyejaa hofu huweza kuchomwa asihisi. Jeraha likiwa baya, hospitali kwanza. Vinginevyo pita polisi uchukue fomu ya PF3 kwa Tanzania, au fomu ya P3 kwa Kenya, kwani bila karatasi hiyo kesi yako itapata shida. Andika ulichokumbuka usiku huohuo: mavazi, sauti, njia waliyokimbilia.

## Mtihani wa mwezi wa sita

Tafuta chumba chenye mlango mmoja. Tandika mikeka. Wewe simama mbali na mlango, wenza watatu wawe kati yako nao. Mmoja anaanza kwa maneno, wa pili anaweza kukaba, wa tatu ana kisu cha mpira mfukoni, na hujui nani ni nani. Saa iwekwe sekunde 60.

Hupewi alama kwa kuangusha mtu. Unapewa alama moja tu ukigusa mlango. Ukianguka njiani ukainuka na kufika, umefika. Ukimrusha mmoja vizuri halafu ukabaki naye chini, umefeli.

Rudieni mara 10, mpumzike kati ya majaribio. Ukifika mlangoni mara 6, endelea na mbinu ya pili ya kudhibiti, nikyo. Ukifika chini ya hapo, rekodi ya simu itakuonyesha ni hatua gani inayovuja. Kwa wanafunzi wangu wengi imekuwa ile ya pili: walimruhusu mtu wa kwanza, yule wa maneno, asogee karibu mno.